Ujumbe wa Lori la Chai

Lori la kukusanya majani ya chai lingepita Mponde saa sita badala ya saa kumi, na wakulima tisini walikuwa mashambani bila habari.

Programu ya Yusta ya kutuma ujumbe ilizikataa namba zao za simu, maana ziliandikwa zikiwa na nafasi, vistari na mabano. Akaongeza amri moja: pitia kila alama, tarakimu ibaki, nyingine itupwe.

“Kumbe ni kuchambua maharage,” alisema mama yake, mkono ndani ya kiroba cha majani ya chai. “Harakisha mwanangu. Majani yanaanza kupata moto, yakikosa lori ni ya kumwaga.”

Yusta akabonyeza.

Kisha simu ikatetemeka kwenye fundo la kanga ya mama, na kutoka mteremkoni mtu akapaza sauti: “Jamani, shusheni viroba barabarani!”