Msumari wa Hamadi

Chekechea ilikuwa na misumari thelathini ukutani, kila mtoto na msumari wake wa kutundika kikombe cha uji. Misumari ikijaa, nafasi hakuna.

Tausi alipomleta binti yake kuandikishwa, Mwalimu Sikitu alitungua kikombe cha bluu. "Huyu wiki ya tatu hajaonekana. Haya, mama, tundika cha mwanao."

Tausi alikijua kikombe kile. Kilikuwa cha Hamadi, mtoto wa jirani yake Mwanahawa; mtoto huyo alikuwa amelazwa hospitali. Alitaka kusema, lakini binti yake Zena alikwishamponyoka mkononi, yuko mkekani na wenzake, wala halii. Tausi akatundika.

"Si mnakaa mtaa mmoja?" mwalimu akamuuliza, akimpa kile cha bluu. "Mpelekee mama yake."

Alikibana kwapani, chini ya kanga, mpaka nyumbani. Mwanahawa alikuwa uani kwake, anafua shuka.

"Shoga, nipe hongera! Hamadi katoka hospitali. Jumatatu anarudi kwa wenzake. Tangu jana ananiuliza, mama, kikombe changu kipo?"

"Hongera, shoga."

"Hebu shika huku tukamue."

Mwanahawa alimnyooshea ncha ya shuka, maji yakichuruzika. Tausi akatoa mkono mmoja, wa pili ukibaki umebana chini ya kanga.