Benchi la Nungunungu

Wanyama walipokuwa bado na bunge lao, Nungunungu alikuwa na benchi lake peke yake, maana hakuna aliyetaka kukaa karibu na miiba ile. Tena alikuwa na tabia iliyowachosha wenzake: alisoma kila muswada mpaka ukurasa wa mwisho. Wao walizoea kugonga meza Kiboko, mtawala wao, anapofungua tu mdomo.

Siku moja Kiboko alileta muswada mnene.

"Usomwe wote, tuusikie," alisema Nungunungu.

"Mheshimiwa, chakula kinapoa," alijibu Mbuni, spika wao. "Wanaoafiki?"

"Ndiyoooo!"

"Wasioafiki?"

"Siyo," alisema Nungunungu, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Walioafiki wameshinda."

Kesho yake walikuta bwawa la kunywea maji limezungushiwa ua wa miiba, na Kiboko amejilaza ndani peke yake. Ndivyo muswada ulivyosema. Siku ya tatu kiu iliwazidi, wakamwendea Nungunungu, wakamsogelea kama hawajawahi kumsogelea.

"Ndugu yetu, wewe huogopi kusema," alisihi Pundamilia. "Tusemee bungeni."

"Bunge lipi?" aliuliza Nungunungu. "Ukurasa wa mwisho ulilifunga. Mliugongea meza."

Wakaondoka mmoja mmoja kwenda kutafuta maji mbali, na Nungunungu akabaki tena peke yake, safari hii bila hata benchi.