Mkimbiaji wa Nyumba

Siku hizi kila nyumba ina mtu mmoja anayekimbia kwa niaba ya wote, na kwa akina Basso mtu huyo alikuwa Sefroza. Uzi mwembamba ulioshonwa chini ya ngozi ya kila mwanafamilia uliichukua nguvu ya mazoezi yake na kuwagawia wengine. Kilomita kumi kila asubuhi, hata sasa akiwa na ujauzito wa miezi sita.

Ila asubuhi hiyo gesi iliisha chai haijachemka, kisha jirani akamshika kwa maneno pale uani, na kufumba na kufumbua ikawa saa nne. Alipochungulia chumbani alimkuta mama mkwe wake amekaa kitandani, midomo imempauka.

"Mwanangu, bado hujatoka?"

"Natoka sasa hivi, mama. Nisamehe."

Akafunga raba, akakipanda kilima bila kutazama nyuma.

Aliporudi alisimama getini, akashika mdomo. Mama mkwe, bibi wa miaka tisini na moja, alikuwa shambani, anapalilia mahindi huku akiimba. Sefroza alishayaona hayo mara mia, na bado mwili ulimsisimka.

Ndipo mtoto akacheza tumboni. Moja, mbili, moja, mbili, mwendo uleule wa kilimani, ingawa yeye alikuwa amesimama tuli.

Mama mkwe akaja, akamwekea kiganja tumboni.

"Mungu mkubwa!" akanong'ona. "Huyu ameshaanza kukimbia. Basi wewe utapumzika, mwanangu."

Sefroza akatabasamu. Lakini mikono yake ilikuwa imeshalifunika tumbo.