Mdogo Wangu wa Ng'ambo ya Mto

Siku hizi wilaya zikigombania maji, kila nyumba hutoa mchezaji mmoja, na vita hupiganwa mtandaoni. Anayeuawa mchezoni, nyumba yake hukatiwa maji hadi masika.

Nasra alikuwa amejibanza nyuma ya ukuta askari wa upande wa pili alipomtokea. Kwenye hedifoni akasikia sauti ya Mwatumu, mdogo wake aliyeolewa ng'ambo ya mto.

"Usipige. Ni mimi, dada."

Mumewe Nasra, aliyekuwa akitazama skrini, alisema taratibu, "Mama Tarki, usipompiga wewe, atakupiga yeye."

Nasra akabonyeza.

Asubuhi bomba lao lilitoa maji. Alijaza ndoo zote, kisha akampigia mdogo wake simu amwambie atampelekea.

"Shikamoo, dada," alisema Mwatumu kwa upole, kisha akasubiri.

Nasra alishindwa kuitikia.