Mto Usiokauka

“Samaki hawapigi kura,” Dalmas alisema, akimenya chungwa mlangoni pa jikoni. “Serikali ikifukuza watu mtoni, ujue kuna mtu anakula.”

“Na wewe kila kitu ni kuliwa tu,” Selipher alimjibu huku akisugua sufuria.

Jambo lenyewe lilikuwa zito. Mama yake alikuwa amepiga simu kutoka nyumbani Kenya: chifu ameamuru wote wanaolima kando ya mto wahame, eti serikali inalinda kingo. Mama alikuwa na shamba moja tu duniani, na ndilo hilo. Majirani walikuwa wamekataa kuondoka. Yeye alingoja neno la binti yake aliyesoma.

Selipher alikuwa mtu wa kuamini. Shuleni aliongoza klabu ya mazingira, na hata huku Riyadh, mtaa wa Al-Naseem, Dalmas alimwita Madam Mazingira. Walifanya kazi nyumba moja, yeye ndani na Dalmas kwenye gari, na hawakukubaliana hata kuhusu chumvi.

Tena Selipher alikuwa na mfano mkononi. Serikali ya hapa ilikuwa imezuia kilimo cha majani ya mifugo kwa sababu maji ya ardhini yanaisha. Bosi wao, waliyemwita baba, alifunga shamba lake bila kelele, ng'ombe wake wakala majani ya kununua. Jioni alikaa na kahawa na huzuni yake, akimwuliza Selipher habari za kwao: mvua, udongo, mto. Mkataa kwao mtumwa. Selipher alimsimulia mpaka kahawa ikapoa. Mto wetu haukauki, baba, hata Januari.

“Unaona?” alimwambia Dalmas. “Baba ametii. Maji ni ya watoto wetu.”

“Baba ana maduka Jeddah. Mamako ana nini? Be realistic, Seli. Njaa haina klabu. Mwambie akae hapo hapo, walete polisi.”

Moyo ulimuuma, lakini Selipher alipiga simu. “Toka, mama. Ukikataa wewe, na wengine watakataa, na mto utakufa. Chakula nitakutumia.”

Mama hakubisha. Hakuwahi kubishana na mtu aliyesoma. Majirani walipoona ametoka, nao wakalegea, mmoja baada ya mwingine.

Baadaye bosi alisafiri, akakawia huko wiki kadhaa. Aliporudi alikuwa mtu mpya, anacheka hata na paka. Alisema amepata ardhi nje ya nchi, yenye maji tele, na kabla ya Ramadhani majani yataanza kushuka bandarini Jeddah. Halas, shida imekwisha.

Selipher alimpongeza kwa moyo mweupe.

“Njoo,” bosi alimwita, akitoa simu mfukoni. “Kuna bibi alinisimamisha shambani, akaongea sana. Hakuna aliyenitafsiria. Nadhani wewe utamwelewa.”

Kwenye video, mbele ya ua mpya wa waya, kikongwe mmoja alikuwa ameushika mkono wa bosi kwa mikono yake miwili. Selipher aliijua leso ile kabla ya kuujua uso.

“Mgeni,” mama yake alikuwa akisema, “nasikia umetoka Saudia. Binti yangu yuko kwenu huko. Ukimwona, mwambie nilitoka shambani siku ileile aliyoniambia.”