Mkanda wa Tochi

Simu ilipolia nilikuwa nyumbani Majengo, nalehemu tochi ya kwanza niliyoitengeneza mwenyewe. Nilikuwa namtengenezea mume wangu, Majaliwa, ya kuvaa kichwani akichimba madini shimoni huko Tunduru.

"Shemeji," mdogo wake alisema, "kifusi kimemfukia tangu juzi. Wenzake wanaogopa kuingia. Wameacha kuchimba."

"Sawa," nikajibu.

Nikabonyeza swichi. Haikuwaka. Nilikuwa nimegeuza miguu ya taa, vile viwaya vyake viwili; ule mrefu ndio chanya. Nikaichomoa, nikaigeuza, nikalehemu tena. Tone la lehemu likanidondokea kidole gumba. Sikuhisi kitu.

Ikawaka.

Mkanda nilikuwa nimeukata kwa kipimo cha kofia yake. Nikaupunguza vidole viwili unitoshe mimi, nikaushona, nikauvaa.

"Shemeji, upo?"

"Nipo. Waambie wasiitoe shimoni ile kamba ya kushukia."