Sahani ya Tatu

Kathambi alirudi na sahani yake mara ya tatu. Wivu ulikuwa umemjaa tangu Jumatatu, pale jirani yake wa dawati alipovishwa beji ya kiranja mkuu aliyoitamani yeye. Na shuleni kwao, kiranja mkuu huwapakulia wenzake githeri, mahindi yaliyochemshwa na maharagwe, naye hula wa mwisho.

"Bado sijashiba, mkubwa," Kathambi alimkejeli. Leo atalala njaa na beji yake!

Yule msichana aliinamisha sufuria, akaikwangua mpaka haragwe la mwisho.

"Kula, dada. Leo umelima sana shamba la shule."

Kisha akaketi kando yake, akafumba macho, akamshukuru Mungu kwa chakula.

Kathambi alichungulia. Sahani ya mwenzake ilikuwa tupu, uso wake umetulia kama wa aliyeshiba, na Kathambi akaionea wivu hata sahani hiyo.